Kura ya Kinyozi

Picha ya binti yake ilipobandikwa kwenye nguzo ya umeme mbele ya kibanda, kinyozi alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mteja. Upande wa kulia ulikuwa umeshanyolewa, wa kushoto bado. Alizima mashine, akasimama mlangoni na kitana mkononi, akawatazama wanawake wawili wa chama cha waendesha baiskeli wakilainisha karatasi kwa viganja ili gundi ishike. Pichani binti alikuwa amesimama na magongo yake mawili, mguu wa kushoto ukiishia gotini. Chini yake kulikuwa na maandishi makubwa: NJIA YA BAISKELI NI UHAI. MCHAGUE MWALIMU.

"Huyo si wako?" mteja aliuliza, akimwangalia kupitia kioo.

"Ni wangu," kinyozi akasema, akawasha mashine.

Kibanda cha pili yake kilikuwa cha fundi viatu, na cha tatu cha fundi simu. Wote wawili walitoka nje, wakaisoma ile karatasi, wakarudi ndani bila kumwambia kitu. Hilo ndilo lililomchoma. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna jambo lililopita kwenye barabara ile bila fundi viatu kulitolea maneno, iwe ni gari la maiti au mbuzi aliyepotea.

Safu ile ilikuwa na vibanda kumi na tisa, vyote vimesimama kwenye ukingo wa barabara kuu, bati kwa bati, mpaka kwenye lami yenyewe. Miezi tisa iliyopita, asubuhi, lori lililokuwa likikwepa shimo lilimsukuma binti akiwa kwenye baiskeli yake, anakwenda kazini kwenye kiwanda cha mikate. Mtu aliye katika hali hiyo hutafuta ukingo. Ukingo haukuwepo. Alibanwa kati ya gurudumu na ukuta wa kibanda kimoja cha safu ile, hatua kama ishirini kutoka kwa baba yake, ambaye alikuwa anamwaga maji ya kunawia na alidhani kelele ile ni ya bati lililoanguka.

Chama cha waendesha baiskeli kilikuwepo tangu zamani. Kilikuwa kikundi cha watu thelathini hivi: walinzi, wafanyakazi wa kiwandani, muuguzi mmoja, na mwalimu mstaafu aliyekuwa mwenyekiti wao. Walikuwa wameandikia halmashauri barua nyingi hata wao wenyewe wakasahau idadi yake. Baada ya ajali, halmashauri ilituma wapimaji. Walipita na kamba na kopo la rangi, wakaweka alama kwenye vibanda vyote kumi na tisa, wakaondoka wasionekane tena. Sasa uchaguzi wa madiwani ulikuwa umefika. Diwani aliyekuwa madarakani alisimama juu ya gari akaapa kwamba akirudi, hakuna bati litakaloguswa. Mwalimu akachukua fomu kumpinga, na ahadi yake ilikuwa moja tu, njia ya baiskeli. Mtu wa kwanza kuweka sahihi kumdhamini alikuwa mke wa kinyozi.

Alikuwa mshonaji, cherehani yake iko dirishani sebuleni, na baiskeli hajawahi kuipanda maishani mwake. Alianza kwa kuwashonea wanachama vizibao vinavyong'aa. Halafu akawa anahudhuria mikutano yao. Halafu ikawa mikutano haianzi mpaka yeye amefika.

*

Jioni ile kinyozi aliporudi nyumbani, binti alikuwa ameshaiona picha. Jirani alikuwa amemtumia kwenye simu, na chini ameweka alama ya mikono iliyounganishwa kama ya kuomba dua. Binti alikuwa amekaa kwenye kochi, magongo kando yake, simu kifudifudi mapajani.

"Mama, uliniambia picha ni ya kupeleka halmashauri," alisema.

"Ilikwenda halmashauri. Bahasha hawakuifungua."

"Ndiyo nibandikwe nguzoni?"

Mama yake alisimamisha cherehani kwa kiganja. Alieleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza jambo hilohilo kwenye nyumba nyingi, kwamba watu wasipoona hawaamini, kwamba barua na hesabu za ajali hazimshtui mtu, kwamba picha moja imefanya kazi ya miaka sita. Binti alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema kule kiwandani walimfahamu kwa jina la Kasuku, kwa sababu ya maneno mengi, na kila aliyempigia simu mpaka leo bado alimwita hivyo. Sasa atakuwa yule wa kwenye nguzo.

Kinyozi alivua viatu, akaviweka sawasawa mlangoni, akakaa kwenye stuli. Alikuwa na swali alilolibeba siku nyingi, na aliona leo likikaa zaidi litaoza.

"Sikuambii umsahau mtoto," alimwambia mkewe. "Nakuuliza kitu kimoja. Huyo Mwalimu akishinda, kesho yake nitaamka niende wapi?"

"Mtapewa nafasi kwenye soko jipya. Amesema mbele ya watu."

"Nyuma ya maghala. Nani atafika huko kunyolewa?"

"Atakayetaka kunyolewa atafika," mkewe akasema. "Na atafika na miguu yake miwili."

Alikuwa ameshaumaliza usemi kabla hajausikia. Kinyozi alitazama viatu vyake pale mlangoni. Binti alichukua magongo, akainuka kwa vituo kama alivyofundishwa hospitali, akaingia chumbani. Walimsikia akiketi kitandani. Baadaye cherehani ilianza tena kulia, polepole, na ile nguo iliyokuwa inashonwa ilibidi ifumuliwe siku ya pili.

*

Wenye vibanda walikutana Jumatano kwenye benchi la fundi viatu. Kinyozi hakuambiwa. Aliona tu watu wanakusanyika hatua tano kutoka kwake, akafunika kiti chake kwa taulo, akaenda. Alipofika, mazungumzo yakageuka kuwa ya mvua.

Fundi viatu alikuwa mtu mwema na hakuweza kuvumilia unafiki wa muda mrefu. Akamsogezea nafasi kwenye benchi. Alisema shemeji wanamheshimu, na uchungu wake wanaujua. Siku ya ajali wao ndio waliomtoa mtoto chini ya lori, na yeye fundi alivua shati lake kumfunga mguu. Lakini watu kumi na tisa wana familia kumi na tisa. Aende akaongee na mke wake, ampoze.

"Nimeongea naye," kinyozi akasema.

"Akasema?"

"Alisema yake."

Fundi simu, kijana aliyevaa miwani ya kukuza mambo madogo, aliuliza kama nyumbani kwa kinyozi mwenye sauti ni nani. Watu wakacheka, si sana. Kinyozi akasema kwake kila mtu ana mdomo wake, akarudi kukaa kwenye kiti chake cha kunyolea, na kwa vile hakukuwa na mteja, alijitazama kwenye kioo.

Siku ya pili umeme ulikatika kwenye kibanda chake. Kwa miaka sita alikuwa akivuta waya kutoka mita ya fundi simu na wanachangia. Alipouliza, aliambiwa kuna hitilafu, waya umechoka, atatafutwa mtu. Redio ya fundi simu ilikuwa ikiimba wakati huo. Kinyozi hakubishana. Alitoa mkasi na kitana, akanyoa kama alivyofundishwa ujanani. Wazee walifurahi, wakasema ndivyo kichwa kinavyotakiwa kunyolewa. Vijana waliotaka mistari na kingo zilizonyooka walichungulia, wakauliza mashine iko wapi, wakavuka barabara kwenda kwa kinyozi mwingine.

Nyumbani hakulisema hilo. Mkewe naye alikuwa na yake asiyoyasema. Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa, mmoja akidai amepata safari, mwingine hakudai kitu. Mke wa fundi viatu, aliyekuwa akishonewa hapo tangu akiwa mchumba, alimpita dukani akiwa anasoma kwa makini maandishi ya pakiti ya chumvi.

Kila alasiri aliweka vipeperushi kwenye mkoba na kwenda mlango kwa mlango. Kuna nyumba zilizompa kiti, na kuna nyumba ambazo redio ilizimwa ghafla alipobisha na hakuna aliyefungua. Siku ya mkutano wa mwisho, Mwalimu alimwita mbele, akamtaja kama mama yao jasiri, na watu wakapiga makofi mpaka mikono ikawauma. Halafu mkutano ukaisha. Wanachama wakapanda baiskeli zao, wakaenda kwa safu, vizibao alivyoshona vikiwaka kwenye jua la saa kumi na moja. Kila mmoja alimpungia. Hakuna baiskeli iliyokuwa na nafasi ya kumbeba, wala yeye hakuwa ameomba. Alikunja kitambaa cha meza, akakiweka kwenye mkoba, akarudi kwa miguu akitembea ndani ya mtaro mkavu, kwa sababu barabara ilikuwa na magari mengi.

*

Siku ya kupiga kura mshonaji aliondoka mapema. Alikuwa wakala wa Mwalimu kituoni, na kitambulisho chake alikivaa shingoni tangu akiwa anachemsha chai. Alimwambia binti kwamba gari litakuja kumchukua saa tatu. Hakumwambia mumewe kitu. Tangu lile swali, alikuwa ameshamweka upande wa pili, na aliona heshima iliyobaki ni kutomwomba.

Gari lilifika saa tatu kamili. Lilikuwa na spika juu, na kwenye mlango wake ilikuwa imebandikwa picha ileile ya nguzoni. Dereva alipiga honi kwa furaha. Binti alikuwa ameshavaa, ameshachana nywele, kadi ya kura iko mkononi. Alifika mpaka kizingiti, akaliona gari, akasimama.

"Siwezi kupanda humo, baba," alisema.

Kinyozi alisema atamtafutia gari jingine. Binti akasema si lazima. Akasema akifika kituoni watu watamtazama yeye kabla ya kutazama karatasi, na amechoka kutazamwa. Kinyozi akatoka kumwambia dereva kwamba mgonjwa hajisikii vizuri. Dereva alisikitika, akaacha vipeperushi vitano, akaondoka.

Kituo kilikuwa shule ya msingi. Kinyozi alipanga foleni nyuma ya watu ambao vichwa vyao alivijua kuliko sura zao. Wengine walimsalimia, wengine walizidisha mazungumzo na jirani. Ndani ya darasa alimwona mkewe kwenye benchi la mawakala, mgongo umenyooka, kalamu mkononi. Karani alisoma jina lake kwa sauti, mkewe akaliwekea alama kwenye orodha yake kama alivyoweka kwa wengine wote. Macho yao yalikutana. Kinyozi ndiye aliyeyaondoa kwanza.

Nyuma ya kadi ya boksi iliyokunjwa kuwa pazia kulikuwa na dawati la mtoto na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kinyozi aliinama. Kulikuwa na sura mbili na visanduku viwili. Aliweka kalamu juu ya kisanduku cha Mwalimu, akaona kiti chake, kioo chake, kabati la dawa na poda, vyote vimepangwa barabarani kama vitu vya mtu aliyehamishwa. Kile kiti ndicho kilichomsomesha binti na kumnunulia baiskeli yenyewe. Akaihamisha kalamu kwenye kisanduku cha diwani, akasikia lile bati. Miezi tisa alikuwa amejiambia kwamba kile kibanda kilichombana hakikuwa chake. Ni kweli hakikuwa chake. Tofauti ilikuwa vibanda vinne.

Karani alikohoa. Nje mtu alilalamika kwamba foleni haiendi. Kinyozi alikunja karatasi mara mbili, tupu kama alivyopewa, akaitumbukiza sandukuni, akachovya kidole kwenye wino na kutoka.

*

Matokeo ya kata yalibandikwa mlangoni mwa ofisi asubuhi ya pili. Diwani, elfu moja mia moja na kumi na nne. Mwalimu, elfu moja mia moja na kumi na moja. Zilizoharibika, ishirini na sita.

Kwenye vibanda ilikuwa kama arusi. Fundi simu alikuwa juu ya ngazi tangu asubuhi akiunga waya, na kinyozi alipofungua mlango taa yake iliwaka. Fundi viatu alikuja na soda mbili, akamkumbatia mbele ya watu. Alisema walikosea kumtilia shaka, kwamba kura tatu ni kidogo mno, kwamba mwanamume anapokuwa na moto ndani ya nyumba yake na bado akasimama na wenzake, huyo ni wa kuvuliwa kofia. Fundi simu akateremka na kumshika mkono kwa mikono miwili. Kinyozi alisema soda ni ya baridi. Akaiweka chini ya kioo na haikunywewa. Mteja wa kwanza alipoiulizia, alimpa.

Saa saba mchana alifunga, akaenda nyumbani. Mkewe alikuwa mezani bado na kitambulisho shingoni. Hakuwa amelia. Alikuwa anahesabu. Binti alikuwa amekaa naye.

"Wanne," alikuwa anasema. "Wanne tu tungepita. Muuguzi alibadilishiwa zamu, mmoja. Mlinzi wa ghala kadi yake ilipotea. Yule mama wa kona aliniambia miguu imevimba."

"Na mimi," binti akasema.

"Wewe sikuhesabu, mwanangu. Lile gari lilikuwa kosa langu." Aliendelea kukunja vidole mpaka vya mkono wa kwanza vikaisha, akahamia wa pili. Nyumba baada ya nyumba alipita, akikumbuka aliyempa kiti na aliyemfungia mlango.

Kinyozi alibaki amesimama. "Niongeze na mimi," akasema.

"Wewe nilijua tangu mwanzo," alijibu bila kuinua uso. "Una kibanda chako. Sikulaumu."

"Sikumpa diwani."

Vidole vikasimama. Akamweleza. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuanza upya, kuhusu kalamu na uzi, kuhusu kiti, kuhusu kibanda cha nne, mpaka karatasi iliyokunjwa mara mbili. Mkewe alimwangalia muda wote kama mtu anayesomewa barua ya lugha asiyoijua.

"Afadhali ungempa," alisema mwishowe. "Wiki zote hizi nilijua humu ndani nina mpinzani. Nilikuwa nakupikia chai nikijua nampikia mpinzani wangu, na nilikuheshimu. Kumbe nilikuwa peke yangu."

Alivua kitambulisho, akakizungushia kamba yake vizuri, akakiweka mezani. Kisha akaenda kukaa kwenye cherehani. Hakushona. Alikaa tu, amewapa mgongo.

*

Hawakuachana, wala hawakugombana tena. Mshonaji alihamishia godoro lake chumbani kwa binti, akisema anataka kuwa karibu naye akihitaji kitu. Chai iliendelea kuwa tayari asubuhi. Yaliyosemwa ni yale ya lazima, kwamba gesi imeisha, kwamba kuna mgeni. Jumamosi alikwenda kwenye chama, na Mwalimu akaanza kuandika barua upya. Walikuja watu tisa.

Kibandani kazi ilichangamka. Fundi viatu alirudisha maneno yake yote na zaidi, na kinyozi alicheka pale palipotakiwa kicheko. Hakuwahi kuwaambia. Mara mbili alifungua mdomo, mara zote mbili mteja akakaa kitini.

Mwezi wa tatu baada ya uchaguzi kiwanda cha mikate kilimwita binti kazini, apokee oda kwa simu, akae ofisini. Kasuku amerudi, walisema. Gari la kumpeleka hakulitaka, na baiskeli ilikuwa imeshauzwa kama chuma. Alisema atatembea.

Asubuhi ya kwanza alipotoka, baba yake alikuwa ameshasimama nje, amevaa. Alimpokea mkoba. Mshonaji alisogea dirishani, mkono kwenye gurudumu la cherehani, akawatazama wakiiendea barabara kuu. Walipofika, kinyozi alizunguka nyuma ya binti, akahamia upande wa magari.

Palipokuwa na ukingo walitembea ukingoni. Vibanda vilipoanza, ukingo ukaisha, wakashuka kwenye lami, binti ameegemea bati kwa bega ili magongo yapate nafasi, baba yake nje. Malori yalikuwa yanatoka maghalani saa hiyo. Moja lilipiga honi ndefu, na upepo wake ukalipuliza shati la kinyozi likamganda mgongoni.

"Ingia ndani kidogo, baba," binti akasema.

"Hapa panatosha."

Wenye vibanda walikuwa wanafungua. Fundi viatu alikuwa na kufuli mkononi, akalivuta benchi lake likagusa ukuta. Haikusaidia sana. Mbele kidogo kilikuwa kibanda cha kinyozi, kimefungwa bado. Hapo stuli ya wateja na ndoo ya maji zilisimama nje kama siku zote, na lami iliyobaki ilikuwa nyembamba kuliko popote kwenye safu. Binti alisimama. Alitazama stuli, akatazama barabara, akangoja lori lipite. Kisha akapeleka magongo mbele, na baba yake akaenda naye, akasogea katikati zaidi ya barabara kumpa njia.